Nafsineni ya Mashine na Sikio la Mishomoroni

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alitangaza ELIZA, programu iliyozungumza kwa kufuata mswada. Mswada wake mashuhuri uliigiza tabibu wa nafsi. Jina lilitokana na mhusika wa tamthilia ya Bernard Shaw: udugu na fasihi ulikuwapo tangu mwanzo. Siku hizi mhusika wa mashine huundwa kwa maagizo ya lugha ya kawaida, na hapo mtunzi humpita mhandisi. Agizo lisemalo tu "zungumza Kiswahili kwa adabu" huelekea kuzaa karani. Bibi mzee wa Mishomoroni, asemaye "mato" na "ndoo" mahali pa "macho" na "njoo", hana budi kuandikiwa umri, utani na jinsi amwitavyo mjukuu. Pasipo hayo, Kimvita, lahaja ya Muyaka, kitahesabiwa na mashine kuwa kosa la kusahihishwa.