Kutunza Nyumba za Kale: Mafundisho ya Tembe la Kwihara

Jimbo linapofanya jubilei, watu huhesabu miaka, huwataja waliotangulia, na kumshukuru Mungu kwa yote. Lakini wako mashahidi wengine wa miaka hiyo wasioweza kujisemea wenyewe, nao ni nyumba za kale: kanisa la kwanza la matofali mabichi, nyumba ya mapadri yenye baraza, chumba cha shule ambamo wazee wetu walijifunza herufi. Nyumba hizi hufa kimya. Mvua huziangusha, mchwa huzila, na mara nyingi sisi wenyewe huchukua boriti na matofali yake tukajengea mabanda ya mbuzi. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuandika katika kitabu hiki habari za kutunza nyumba na vitu vya zamani. Tutaanza na nyumba moja ya nchi yetu, tembe la Kwihara, karibu na mji wa Tabora.

Njia ya misafara

Kabla ya gari la moshi, Unyanyembe ilikuwa njia panda ya nchi hizi. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora baada ya miezi kadiri ya mitatu. Hapo njia ziligawanyika: moja kwenda Ujiji na ziwa la Tanganyika, nyingine kaskazini kwenda Nyanza. Burton na Speke walifika hapa mwezi wa Novemba 1857, wakati mahali hapa palipoitwa Kazeh. Na mwaka 1858 Speke akashika njia ya kaskazini hata akaliona ziwa kubwa. Mapadri Weupe wa kwanza nao walipita njia hiyo hiyo mwaka 1878. Padri Pascal alifia njiani, na wenzake walipofika Tabora waligawanyika, wengine wakaenda Ujiji, wengine Nyanza. Basi Injili iliingia nchini mwetu kwa njia ile ile waliyopitishwa watumwa na pembe za ndovu. Jambo hili halifai kusahauliwa, wala halifai kufichwa.

Waliobeba mizigo katika njia hiyo walikuwa zaidi Wanyamwezi, watu wa kwetu. Kila mpagazi alijitwika mzigo wa kadiri ya kilo 30, akaenda nao miezi kadha wa kadha, akarudi na nguo, jembe, na habari za pwani. Hata mwaka 1912 reli ikafika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Hapo kazi ya misafara ikaisha, na matembe ya wafanya biashara yakabaki bila wenyewe.

Nyumba na ugonjwa wake

Tembe ni nyumba ya pembe nne yenye ua katikati. Kuta zake ni za udongo, na paa lake halina mgongo: ni boriti zilizolazwa, juu yake fito na majani, na juu ya hayo udongo uliopigwapigwa ukashikamana. Nyumba hii ina baridi wakati wa jua na joto wakati wa usiku, tena haishiki moto upesi kama nyumba ya nyasi. Adui zake ni wawili, maji na mchwa. Nyumba yenye watu hujilinda: moshi wa jikoni hufukuza wadudu wa boriti, na mama wa nyumba huona ufa siku ile ile uanzapo, akaukandika. Nyumba isiyo na watu haina wa kuuona ufa. Maji huingia juu, boriti huoza, na baada ya masika machache paa hushuka.

Ndivyo yalivyokwisha matembe mengi ya Unyanyembe. Lile la Kwihara lilijengwa upya kwa mfano wa zamani, likawekwa liwe nyumba ya makumbusho. Limejulikana kwa ajili ya wageni wawili. Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871, wakati wa vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora. Baada ya kumkuta Daktari Livingstone huko Ujiji, walirudi pamoja wakafika Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Stanley akaondoka mwezi wa Machi kwenda pwani. Livingstone akabaki kungoja wapagazi, na tarehe 25 Agosti 1872 akaanza safari yake ya mwisho.

Je, nyumba yamkumbuka nani?

Hapa ndipo lilipo jambo zito kwa kila mtunza makumbusho. Ukuta hauchagui cha kukumbuka; mwenye kuonyesha ndiye achaguaye. Mtu aweza kuwaongoza wageni katika nyumba hii nzima akataja majina mawili tu, ya wageni wawili, nao wakaenda zao wakidhani wameijua Kwihara.

Lakini Kwihara ina habari nyingine iliyo bora. Livingstone alipokufa katika kijiji cha Chitambo, mwezi wa Mei 1873, watumishi wake hawakumwacha. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walimzika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakaanza kuubeba kwenda pwani. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza Cameron aliyekuwa akisafiri kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri wauzike mwili hapo hapo. Wakakataa. Mbele kidogo walisikia kwamba watu wa njiani hawataki maiti ipite katika nchi yao. Wakajifanya kuwa wanairudisha Unyanyembe, kumbe wameufunga mwili mfano wa robota la nguo, wakapita nao salama. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo, wakaupokeza mwili katika misioni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. Tarehe 18 Aprili ukazikwa Westminster Abbey, London, na Jacob Wainwright, mmoja wa wale wabebaji, alikuwapo.

Tuangalie neno moja zaidi. Siku zile za msiba kule Chitambo, wenzake walimtaka Jacob Wainwright, kwa kuwa alijua kuandika, afungue masanduku ya marehemu mbele ya wote na kuandika kila kitu kilichomo, ili pasiwe na shaka baadaye. Kalamu na vyombo vya Daktari vilifika kwao kwa sababu ya uaminifu huo. Kazi hiyo hasa ndiyo kazi ya mtunza makumbusho: kuandika kilichopo, mbele ya mashahidi, na kukifikisha salama. Basi watu wa Afrika waliijua na kuitenda katika njia hii yetu tangu mwaka 1873.

Tena wako wengine wasio na jina hata moja katika karatasi: wapagazi waliokufa nyikani, na wale waliouzwa. Livingstone aliuchukia utumwa na kuandika habari zake ili ukomeshwe. Hata hivyo alipewa nyumba na chakula na wafanya biashara ambao wengi wao walikuwa na watumwa. Mwalimu asiwafiche watoto jambo hili. Wala asiseme kuwa dhambi ile ilikuwa ya wageni peke yao. Watu wa kwetu pia walinunua na kuuza. Makumbusho yanayosifu tu yatasahaulika upesi. Yanayosema kweli huwafanya wasikilizaji wanyamaze na kufikiri.

Mfano wa Bujora

Pengine mtu atasema: Hiyo ni kazi ya Serikali, parokia itaiwezaje? Tumjibu kwa mfano wa Bujora, Usukumani, karibu na Mwanza. Huko Padri David Clement, Padri Mweupe kutoka Canada, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya ngoma, viti vya enzi, na vyombo vya watemi, na kuandika habari za wazee pamoja na Wasukuma wenyewe. Kanisa lilijengwa kwa umbo la mviringo mfano wa nyumba ya Kisukuma. Mwaka 1968 makumbusho yakafunguliwa. Mna nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, na jengo lenye umbo la kiti cha mtemi ambamo zimo ngoma za kifalme. Na sikukuu ya Ekaristi Takatifu huambatana na ngoma za Bulabo, ambapo wafuasi wa Bagika na Bagalu hushindana kucheza.

Nguvu ya Bujora haikuwa fedha. Ilikuwa hii: wenye vitu hawakunyang'anywa vitu vyao wakaambiwa vimepitwa na wakati. Waliitwa wavieleze. Ngoma iliyo na mtu wa kuipiga hukaguliwa kila mwaka. Ikipasuka huwambwa ngozi mpya. Ngoma iliyofungiwa kabatini huliwa na wadudu, na hakuna ajuaye.

Namna ya kufanya kazi

Kwanza, nyumba. Kagueni paa kabla ya mvua za Novemba, na kuta baada ya mvua za Aprili. Chimbeni mfereji wa kuondoa maji mbali na msingi, na fagieni vichuguu vya mchwa ukutani kila juma. Ufa wa ukuta wa udongo uzibwe kwa udongo. Wengi hudhani kuupaka saruji ni kuuheshimu, kumbe saruji huzuia unyevu usitoke. Ukuta huoza ndani, na siku moja ganda lote huanguka pamoja na udongo wake. Fundi mzee ajuaye kuchanganya udongo na majani ni mali ya makumbusho kama mlango wa kuchongwa. Kila mwaka akandike pamoja na vijana, ili kazi isizikwe naye.

Pili, vitu. Kila kitu kipewe namba, na katika daftari paandikwe jina lake kwa Kinyamwezi na kwa Kiswahili, kilitumiwaje, nani alikitoa, siku gani, na kama amekitoa kabisa au amekiazima tu. Neno hili la mwisho ni la maana sana. Ugomvi mwingi huanza pale wajukuu wanapokuja kudai kiti cha babu yao, na hakuna ajuaye walipatana nini. Daftari liwe mawili, moja makumbusho, la pili katika ofisi ya parokia. Vitabu vya ubatizo vya zamani viwekwe sandukuni juu ya meza, mbali na sakafu na ukuta.

Tatu, fedha. Kiingilio cha wageni hakitatosha. Heri kupanga tangu mwanzo nani atamlipa mlinzi na nani atatoa gharama ya paa, kuliko kufungua kwa shangwe na kufunga baada ya miaka miwili. Chumba kimoja kinachotunzwa ni bora kuliko nyumba 5 zinazovuja.

Nne, sheria. Tangu mwaka 1964 nchi ina Sheria ya Mambo ya Kale. Kabla ya kubomoa, kuhamisha, au kuuza kitu cha kale, ofisi ya Serikali iulizwe kwanza.

Neno kwa watu wa Lusu na parokia zote

Ndugu zetu wa Lusu wanajua upesi wa nchi kugeuka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mgodi mkubwa wa dhahabu ulifunguliwa huko kwao. Kabla ya mwaka 2015 ulikuwa umefungwa. Mtoto aliyezaliwa mgodi ukianza alikuwa bado kijana ulipokwisha. Ikiwa jambo kubwa hivyo hupita katika umri wa mtoto mmoja, itakuwaje habari za bibi aliyesimuliwa na mama yake juu ya misafara? Wala msiseme kuwa kwenu hakuna tembe la mtu mashuhuri. Panaweza kuwapo kengele ya kwanza ya shule, jembe la mhunzi, kitabu cha nyimbo cha katekista.

Tumkumbuke Adrian Atiman. Alitekwa mtumwa akiwa mtoto katika nchi za mto Niger, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea uganga Malta, akaja nchi hizi mwaka 1888. Alikaa Karema, kando ya Tanganyika, akiwatibu wagonjwa na kufundisha dini hata alipokufa mwaka 1956. Makatekista walio kama yeye walikuwako katika kila misioni, ijapokuwa majina yao hayakuandikwa mbali. Kama parokia haikuwaandika, nani atawaandika?

Basi tunaomba jambo moja dogo katika jubilei hii. Kila parokia ichague chumba kimoja cha kale kisichoanguka bado, na walimu wawili, na daftari moja. Kabla ya masika yajayo waende kwa wazee, waandike vitu 10 tu, kila kimoja pamoja na jina la aliyekitumia. Kisha wapande juu ya paa la chumba hicho, waangalie maji yanapoingilia, wazibe.