Mstari wa amri wa Unix

Mstari wa amri wa Unix ni njia ya kutumia kompyuta kwa kuandika amri kwenye kibodi badala ya kubofya picha na vitufe kwa kipanya. Amri hupokelewa na programu iitwayo *sheli*. Sheli huisoma amri, huita programu iliyotajwa, kisha matokeo huonekana kwenye skrini kama maandishi. Njia hii inapatikana leo katika Linux, katika macOS na katika mifumo mingine iliyofuata nyayo za Unix. Mwenye Windows anaweza kuipata kwa kuweka WSL.

Amri nyingi za Unix ni ndogo, na ikitazamwa mojamoja haistaajabishi mtu. Nguvu yake iko katika kuziunganisha, ili kazi ambayo hakuna aliyeiandikia programu yake ifanyike kwa mstari mmoja.

Historia

Unix ilianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao katika maabara ya Bell Labs huko Murray Hill, New Jersey, Marekani. Mwenzao Doug McIlroy alikuwa ameandika tangu 1964 kwamba inafaa programu ziungwe kama mipira ya kumwagilia bustani: ukihitaji urefu zaidi unaongeza kipande kingine. Wazo hilo lilikaa miaka kadhaa. Mwaka 1973 Thompson aliliingiza katika Unix, na McIlroy amesimulia kwamba kazi hiyo ilifanyika kwa usiku mmoja tu.

Kiungo hicho huitwa *bomba*, nacho huandikwa kwa alama ya mstari wima, |. Maandishi yanayotoka katika programu ya kushoto huingia moja kwa moja katika programu ya kulia, bila kuhifadhiwa kwanza katika faili.

Matatizo ya kila siku

Tuseme diski imejaa na haijulikani ni folda gani iliyoijaza. Mstari huu unatoa jibu:

    du -sk * | sort -n | tail -n 5

Amri *du* hupima ukubwa wa kila kitu kilichomo katika folda, *sort* hupanga kuanzia kidogo hadi kikubwa, na *tail* huacha mistari mitano ya mwisho, yaani vitu vitano vikubwa kuliko vyote. Kiambatisho -n cha *sort* kina maana yake: bila hicho namba hupangwa kama maneno katika kamusi, na 10 hutangulia 9.

Kutafuta neno katika mafaili mengi ni kazi ya *grep*, ambayo jina lake limetokana na amri ya kihariri cha zamani kilichoitwa *ed*. Kwa msomaji wa Kiswahili *grep* ina faida ya pekee, kwa kuwa hutafuta herufi popote zilipo ndani ya neno. Akiandika *grep som* atapata anasoma, hawakusoma, msomaji na masomo kwa pamoja. Bila shaka atapata pia somba.

Mfano wenye uzito zaidi ni wa orodha mbili. Shule ina orodha ya wanafunzi waliolipa ada ya mtihani na orodha nyingine ya waliosajiliwa. Ni nani aliyelipa lakini hakusajiliwa? Kulinganisha kwa macho majina mia tatu huchosha, na jina moja likirukwa mwanafunzi anaweza kukosa mtihani. Orodha zote mbili zikishapangwa kwa *sort*, inatosha kuandika:

    comm -23 waliolipa.txt waliosajiliwa.txt

Amri hiyo huonyesha mistari iliyomo katika faili la kwanza tu. Lakini hulinganisha herufi kwa herufi, haijui watu. Kwake Juma Ali na Ali Juma ni wawili, na hata nafasi moja iliyoachwa mwishoni mwa jina hutosha kulifanya kuwa jina jingine. Kwa hiyo ni salama zaidi kulinganisha namba za wanafunzi kuliko majina.

Kuhesabu maneno

Mwaka 1986 Jon Bentley, katika safu yake ya jarida la *Communications of the ACM*, alimwomba Donald Knuth aandike programu ya kusoma maandishi na kutaja maneno yanayojirudia zaidi. Knuth alitoa programu ndefu iliyofafanuliwa kwa ustadi. McIlroy, aliyeombwa kuihakiki, aliisifu, kisha akaonyesha kwamba kazi ileile inafanywa na amri sita zilizoungwa kwa mabomba. Ulinganisho huo unapenda kusimuliwa kana kwamba Knuth alishindwa, jambo ambalo si haki: aliombwa kuonyesha namna yake ya kuandika programu, si kutafuta njia fupi. Kwa faili liitwalo kitabu.txt, amri hizo huwa hivi:

    tr -cs A-Za-z '\n' < kitabu.txt | tr A-Z a-z | sort | uniq -c | sort -rn | sed 10q

Amri ya kwanza hugeuza kila kisicho herufi kuwa mwanzo wa mstari mpya, hivyo kila neno hukaa peke yake. Ya pili hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo. Kisha maneno hupangwa ili yanayofanana yakae pamoja, maana *uniq* hulinganisha mstari na jirani yake tu. Asiyetanguliza *sort* hupata hesabu ya uongo bila kuonywa. Mwishoni namba hupangwa kuanzia kubwa, na maneno kumi ya kwanza huonyeshwa.

Kiswahili sanifu hakitumii herufi zenye alama juu yake, kwa hiyo mstari huu hukifaa kuliko Kifaransa. Hata hivyo una kasoro moja: ng'ombe hukatwa kuwa "ng" na "ombe", na ng'ambo vilevile. Dawa yake ni kuihesabu ritifaa miongoni mwa herufi, kwa kuandika *tr -cs "A-Za-z'" '\n'* mahali pa amri ya kwanza. Ikiwa maandishi yametoka katika programu ya ofisi, ritifaa mara nyingi huwa imepinda, nayo kwa kompyuta ni alama nyingine kabisa. Hiyo hubadilishwa kwanza kwa *sed "s/’/'/g"*.

Hatari

Sheli hutii bila kuuliza. Faili lililofutwa kwa *rm* haliendi kwenye kapu la taka. Nafasi moja iliyoponyoka ina gharama kubwa: *rm \*.txt* hufuta mafaili ya .txt peke yake, lakini *rm \* .txt* hufuta mafaili yote ya folda, kisha hulalamika kwamba hakuna faili liitwalo .txt. Ni desturi nzuri kuanza na *ls \*.txt* ili kuona kitakachoguswa, au kutumia *rm -i*, ambayo huomba idhini kwa kila faili.

Mtego wa pili huwanasa hata wazoefu. Alama > hupeleka matokeo katika faili. Mtu anayetaka kupanga orodha yake huandika *sort majina.txt > majina.txt*, na orodha yote hupotea. Sababu ni kwamba sheli hulifuta na kulitayarisha faili la kupokea matokeo kabla *sort* haijaanza kusoma, na *sort* ikifika hukuta faili tupu. Kwa kazi hiyo huandikwa *sort -o majina.txt majina.txt*, ambayo husoma orodha yote kwanza ndipo iandike.