Mtoto Mchanga na Walezi Wake: Kutoka Buganda hadi Ituri

Mwaka 1951 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa ripoti ya John Bowlby, daktari wa maradhi ya akili wa London, iliyohusu watoto waliokosa makao baada ya vita vya Ulaya. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto mchanga hawezi kukua vema kinafsi pasipo uhusiano wa upendo wa kudumu na mama yake, au na mtu mmoja ashikaye nafasi ya mama. Hoja hiyo ilizaliwa Ulaya, lakini uchunguzi wa kwanza ulioifuata majumbani mwa watu ulifanyika Afrika.

Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi pamoja na Bowlby, aliwasili Kampala mwaka 1954. Alikuwa amesikia kwamba Waganda humpeleka mtoto kwa bibi yake anapoachishwa ziwa, ili alisahau, naye alitaka kuona utengano huo unavyomwathiri. Kumbe desturi yenyewe ilikwisha kufifia. Mtafiti mwingine angefunga mizigo yake. Yeye alibadili swali. Aliwafuata akina mama 26 na watoto wao 28 katika vijiji vya jirani, akiwatembelea kila baada ya wiki mbili hivi, alasiri, wakati wanawake wanapopumzika na kupokea wageni.

Aliyoyaona yalikuwa madogo madogo, na thamani yake imo humo humo. Mtoto alitambaa mbali na mama, akageuka kumtazama, akaendelea. Mama alipotoka chumbani alilia. Aliporudi alimnyoshea mikono au kumpigia makofi. Mama aliyeweza kueleza kwa kirefu tabia za mtoto wake, bila kuulizwa-ulizwa, mara nyingi ndiye aliyekuwa na mtoto mwenye utulivu. Idadi ya walezi wengine nyumbani haikuonekana kumpunguzia mtoto utulivu huo. Neno hili la mwisho, lililomo katika kitabu chake cha mwaka 1967, halikusikilizwa sana. Wasomaji walishika zaidi jaribio alilolibuni baadaye huko Baltimore, ambamo mtoto, mama na mgeni hukutanishwa katika chumba kigeni.

Swali la walezi wengi lilirudi kupitia msitu wa Ituri. Katika miaka ya 1980 Edward Tronick, Gilda Morelli na wenzao waliwachunguza Waefe, wawindaji wanaoishi kwa kubadilishana nyama na kazi kwa mazao ya Walese. Kambini mtoto hupokezanwa tangu siku za mwanzo, na wanawake wengine humnyonyesha. Akiwa na umri wa wiki 3, asilimia 39 ya muda aliogusana na watu ulikuwa mikononi mwa wasio mama yake. Kufikia wiki 18 ilikuwa asilimia 60. Kwa wastani walezi walikuwa 14. Hata hivyo, kabla ya kutimiza mwaka, mtoto huyo alianza kumlilia mama yake aondokapo. Kwa hiyo vifungo hivyo hukua pamoja, wala kimoja hakingoji kingine kikomae.

Msemaji wa Kiswahili hapaswi kustaajabu. Lugha yenyewe humwita dada wa mama kuwa mama mdogo au mama mkubwa, na kitenzi *kulea* hakimtaji aliyezaa. Waliostaajabu ni wale waliokuwa wamechukua nyumba ya baba, mama na watoto peke yao kuwa kipimo cha wanadamu wote.

Jambo hili lilipata uzito mwingine vita vilipoingia Ituri mwaka 1999, watoto wengi wakabaki bila mama. Anayeamini kwamba mtoto huwa na kifungo kimoja tu atamwona yatima kama aliyekwisha kupoteza yote, na atamtafutia upesi makao kwa wageni. Anayeyajua ya kambi za Waefe atauliza kwanza ni nani wengine waliokuwa wakimbeba, na kama wako hai.