Kukokotoa ujazo wa gesi mjini Nakuru

Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kwa hivyo, shinikizo la hewa huko hukaribia milimita 610 za zebaki, ilhali Mombasa ni 760 hivi. Mwanafunzi wa kemia sharti atumie shinikizo la mahali alipopimia gesi.

Tuseme amekusanya sentimita 600 za ujazo za gesi kavu, kwa nyuzi 27 za Selsiasi na shinikizo la 608. Kwanza ajumlishe 27 na 273, apate Kelvin 300. Kisha, kwa sheria za Boyle na Charles, atafute ujazo katika hali sanifu:

600 × 608/760 × 273/300 = 436.8

Akidhani shinikizo lilikuwa 760, atapata 546: amezidisha kwa robo nzima.