Timu ya Nafasi ya Nne

Mwezi Machi 1969, msimu wa ligi ya mpira wa kikapu ya kulipwa ya Marekani ulipokuwa ukielekea ukingoni, timu ya Boston Celtics ilikuwa imekaa mahali ambapo haikuzoea kukaa. Ligi iligawanyika pande mbili, Mashariki na Magharibi, kila upande timu 7, na timu 4 za mbele za kila upande ndizo zilizoruhusiwa kuingia katika mtoano wa kumtafuta bingwa. Upande wa Mashariki Baltimore ilimaliza ya kwanza, ikiwa imeshinda mechi 57 kati ya 82. Philadelphia ilifuata kwa mechi 55, na New York kwa 54. Boston, bingwa mtetezi, ilishinda mechi 48 na kupoteza 34. Ikawa ya nne. Timu iliyokuwa imetwaa ubingwa mara 10 katika miaka 12 iliingia mtoanoni kwa mlango wa uani.

Huenda mwalimu atakayeusoma ukurasa huu darasani akaulizwa na wanafunzi wake: habari za timu ya kigeni zina mahali gani katika kitabu cha utamaduni wetu? Swali hilo ni la haki. Kwa miaka mingi michezo nchini mwetu ilikuwa ya ridhaa, na mchezo wa kulipwa ulitazamwa kwa jicho la mashaka. Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alipochaguliwa wa pili na timu ya Memphis mwaka 2009, vijana wetu wengi huyajua majina ya timu za Marekani kuliko wanavyoyajua majina ya mito yetu. Lakini sababu yetu si hiyo. Katika somo la historia tumezoea kuisimulia biashara ya watumwa mpaka pale merikebu inapong'oa nanga, kisha tunafunga kitabu. Wajukuu wa wale waliochukuliwa waliishije ng'ambo, walipewa nini na walinyimwa nini, hayo twayagusa kwa haraka mno. Na katika timu hii ya nafasi ya nne, mmoja wa wajukuu hao ndiye aliyekuwa mwalimu na nahodha wa safari.

Jina lake ni Bill Russell. Alizaliwa tarehe 12 Februari 1934 West Monroe, katika jimbo la Louisiana, kusini, ambako mtu mweusi alitengwa kwa sheria. Wazazi wake wakahamia Oakland, California, kutafuta nafuu. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha San Francisco alitwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1955 na 1956, akaenda Melbourne kuichezea nchi yake katika Olimpiki na kupata medali ya dhahabu, na Desemba mwaka huo huo wa 1956 akajiunga na Boston.

Hapana budi tueleze kidogo alichokifanya, kwani asiyeujua mchezo atadhani sifa yake ilikuwa kufunga. La. Wafungaji walikuwa wengine. Kazi ya Russell ilikuwa kuzuia. Kabla yake wachezaji walifundishwa kwamba anayemkabili mfungaji asiinue miguu kutoka ardhini. Yeye aliruka, akaukuta mpira hewani, wala hakuupiga ukatoka nje ili kushangiliwa na watazamaji. Aliusukuma taratibu uangukie kwa mwenzake, na shambulio la adui likageuka kuwa la kwao. Jambo la ajabu ni kwamba ligi haikuanza kuweka hesabu ya mipira inayozuiwa hivyo mpaka msimu wa 1973–74, wakati yeye alikwisha kuondoka. Basi kazi kubwa kuliko zote alizozifanya haimo katika vitabu vya hesabu. Sisi tulioshika madaftari ya ofisi za serikali twajua kwamba kisichokuwa na safu yake katika daftari huhesabiwa kuwa hakikutendeka.

Mwaka 1966, Red Auerbach alipoacha kuifundisha timu, Russell alishika mahali pake huku akiendelea kucheza. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa mwalimu mkuu katika ligi ile. Ni kweli kwamba Boston ilikuwa imetangulia wengine katika jambo hili: mwaka 1950 ilimchagua Chuck Cooper, mweusi wa kwanza kuteuliwa na timu ya ligi, na Desemba 1964 iliwaanzisha uwanjani wachezaji watano weusi kwa mara ya kwanza. Lakini timu na mji ni vitu viwili. Mara nyingi viti vya uwanja havikujaa, ingawa bingwa ndiye aliyekuwa akicheza. Huko Reading, kitongoji alichoishi Russell na familia yake, watu waliivunja nyumba yake, wakaandika matusi ya rangi ukutani, na wakachafua vitanda kwa namna ambayo adabu ya kitabu hiki haituruhusu kuieleza.

Katika mwaka wake wa kwanza wa ualimu, Philadelphia iliivua Boston ubingwa. Kushindwa ni jambo la kawaida katika mchezo, lakini mtu wa kwanza wa jamii yake kupewa kazi hashindwi peke yake. Hushindwa na wale wote wanaongoja nyuma yake mlangoni. Mwaka 1968 aliurudisha ubingwa. Ndipo ukaja msimu tunaousimulia.

Ulikuwa msimu mzito tangu mwanzo. Martin Luther King alikuwa ameuawa Aprili 1968, Robert Kennedy mwezi Juni, na vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea. Ligi ilianza Oktoba, mwezi ule ule ambao Tommie Smith na John Carlos waliinua ngumi zao jukwaani mjini Mexico, na ambao John Stephen Akhwari wetu aliimaliza mbio ya marathoni katika mji huo huo, mguu umefungwa bendeji, usiku umekwisha kuingia. Russell hakuwa mtu wa kuyatazama mambo hayo kwa mbali. Mwaka 1959 alikuwa mchezaji wa kwanza wa ligi ile kulizuru bara la Afrika, na baadaye alitia fedha zake katika shamba la mpira nchini Liberia. Juni 1967 alikwenda Cleveland pamoja na wanamichezo wengine weusi kukaa upande wa Muhammad Ali, aliyekuwa amekataa kwenda vitani. Mtu wa namna hiyo hutoka nyumbani asubuhi na mzigo ambao wachezaji wenzake wengine hawana.

Kisha kuna umri. Russell alitimiza miaka 35 katikati ya msimu. Sam Jones, mfungaji wao hodari, alikuwa karibu na umri huo naye, na alikwisha tangaza kwamba huo ndio mwisho wake. Timu za New York na Baltimore zilikuwa na vijana wenye mapafu mapya. Mwili wa Russell ukagoma. Mechi 5 zilichezwa bila yeye. Wengi waliona enzi ya Boston imekwisha, na mwenye kusoma jedwali la ligi peke yake asingeweza kuwabishia.

Lakini jedwali lilikuwa na safu nyingine. Boston ilikuwa miongoni mwa timu zilizofungwa pointi chache kuliko zote. Miguu ilikuwa imechoka, kuzuia hakukuchoka. Na hapa twaomba ruhusa ya kusema kama mshairi: tangu mwaka 1954 mchezo huu una kanuni kwamba timu yenye mpira lazima irushe kikapuni katika sekunde 24. Ni mizani kamili. Mshairi mchanga akipewa mizani 16 katika mshororo huzijaza kwa papara, akagonga kina kabla ya wakati. Mkongwe husubiri, kwani ajua neno litakaloangukia mwisho. Boston wazee walikuwa wakiwalazimisha vijana kuzitumia sekunde zao zote 24, hata wakarusha wakiwa mahali pabaya.

Mtoano ulianza, kila hatua ikiwa ya mechi 7, na mwenye kushinda 4 kwanza ndiye apitaye. Philadelphia ilitolewa kwa mechi 4 kwa 1. New York, ya akina Willis Reed na Walt Frazier, ambayo ingekuwa bingwa mwaka uliofuata, ilitolewa 4 kwa 2. Fainali ikawakutanisha na Los Angeles Lakers. Timu hiyo ilikuwa na Jerry West na Elgin Baylor, na sasa ilikuwa imemwongeza Wilt Chamberlain, lile jitu lililokuwa mpinzani wa Russell kwa miaka 10. Lakers ilikuwa imekwisha kushindwa na Boston katika fainali 6 tangu mwaka 1959. Safari hii mechi ya saba, kama ingefika, ingechezwa kwao.

Mechi ya kwanza West alifunga pointi 53, Lakers ikashinda 120 kwa 118. Ikashinda na ya pili. Boston ikaipata ya tatu nyumbani. Mechi ya nne ndiyo iliyokuwa na roho ya yote: zikiwa zimebaki sekunde chache Boston ilikuwa nyuma, 87 kwa 88, na kushindwa pale kungekuwa 3 kwa 1, mahali ambapo si rahisi mtu kurudi. Wenzake walimkinga Sam Jones kwa miili yao kama ukuta. Akaupokea mpira, akateleza aliporuka, akarusha hivyo hivyo kombo. Mpira uligonga chuma, ukaruka juu, ukarudi tena juu ya chuma, ukatumbukia. 89 kwa 88. Mtu mmoja, katika msimu wake wa mwisho, kwa mguu ulioteleza.

Los Angeles ilishinda ya tano, Boston ya sita, na tarehe 5 Mei 1969 wakakutana kwa mara ya saba huko Inglewood. Mwenye timu ya Lakers, Jack Kent Cooke, alikuwa ameagiza maelfu ya maputo yawekwe katika nyavu darini, yaachiliwe timu yake itakapotwaa ubingwa. Bendi ya chuo kikuu iliwekwa tayari. Utaratibu wa sherehe uliandikwa katika karatasi, na karatasi moja ikamfikia Russell, naye akawasomea wachezaji wake. Hatuamini kwamba karatasi ilishinda mechi, kama wapendavyo kusimulia baadhi ya watu; waliofika mechi ya saba baada ya safari ile hawakuhitaji kuchokozwa. Lakini maputo yale yalikaa juu ya vichwa vyao dakika zote 48, wakayatazama.

Mwanzoni mwa robo ya nne Boston iliongoza kwa pointi 17. Ndipo wazee wakaanza kuishiwa. Chamberlain aliumia goti akatoka. Baadaye aliomba kurudi, mwalimu wake Butch van Breda Kolff akamkatalia, na ubishi juu ya uamuzi huo haujakwisha hata leo. Bila yeye Lakers waliendelea kukaribia, West akichechemea kwa msuli uliomuuma tangu mechi ya tano, mpaka pengo likabaki pointi 1, 103 kwa 102. Ikiwa imebaki dakika moja na kidogo, mpira ulipapaswa ukamponyoka John Havlicek, ukaangukia mikononi mwa Don Nelson. Nelson huyo alikuwa ameachwa na Lakers wenyewe mwaka 1965 kama mtu asiyefaa. Akarusha. Mpira ukagonga ukingo wa nyuma, ukapaa juu sana, kila mtu akaufuata kwa macho, ukashuka moja kwa moja kikapuni.

Boston 108, Los Angeles 106. West, aliyefunga pointi 42, alipewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa, na mpaka leo hajapatikana mwingine wa timu iliyoshindwa aliyeipata. Maputo yalibaki darini.

Russell hakucheza tena. Katika miaka 13 alikuwa ametwaa ubingwa mara 11, mara 2 kati ya hizo akiwa mwalimu. Mwaka 1972, jezi yake namba 6 ilipopandishwa darini Boston kwa heshima, alitaka ifanyike kabla ya milango kufunguliwa, mbele ya wenzake, viti vitupu. Mwaka 1975 alikataa kwenda kupokea heshima ya kuingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo. Waliomlaumu kwa kiburi hawakuwa wamelala katika nyumba ile ya Reading. Mwaka 2011 Rais Barack Obama alimvika nishani kuu ya raia, na alipofariki tarehe 31 Julai 2022 ligi nzima iliifunga namba yake isivaliwe tena na mchezaji mpya wa timu yoyote.

Msimu wa 1969–70 Boston ilicheza bila Russell na bila Sam Jones. Mwaka uliotangulia ilikuwa imeshinda 48 na kupoteza 34. Mwaka huu ilishinda 34 na kupoteza 48, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1950 haikuingia mtoanoni.