Mbwa na Unene Chini ya Mlima Meru
Waarusha walipoanza kulima miteremko ya Meru, yapata miaka ya 1830, mbwa alikuwa mlinzi wa boma na mifugo. Alishinda akitembea na kula makombo, hivyo unene ulikuwa nadra. Wajerumani walijenga ngome yao Arusha mwaka 1900. Mji ukapanuka, na mashamba ya kando, kama ya Sokon I, yakageuka viwanja vya nyumba zenye kuta na mageti. Mbwa anayefungiwa bandani mchana kutwa, akilishwa ugali kwa dagaa bila kipimo, hulimbikiza mafuta: viungo huuma, kongosho huweza kuvimba. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa mbwa wa aina ya Labrador waliopunguziwa chakula kwa robo waliishi karibu miaka 2 zaidi. Mbwa mwenye uzito unaofaa, mbavu zake huhisika kwa vidole bila kubonyeza.