Mtakatifu Juliana na Sikukuu ya Sakramenti Kuu

Tuiandamapo Sakramenti Kuu katika sikukuu yake, yafaa tumkumbuke Juliana wa Liège, mji wa Ubelgiji. Alifiwa na wazazi wake akiwa na miaka 5, akalelewa na watawa wa Mont-Cornillon, waliouguza wenye ukoma. Huko alizoea kukaa kimya mbele ya Ekaristi. Alipopata miaka 16, aliona katika sala mwezi mpevu uliokatwa na mstari mweusi. Baadaye akafahamu ya kuwa mwezi ule ni Kanisa, na ule weusi ni upungufu wa sikukuu ya kuuheshimu Mwili wa Bwana.

Neno hilo alilitunza moyoni yapata miaka 20. Hata mwaka 1246 Askofu Robert akaiamuru sikukuu hiyo katika jimbo lake. Lakini wapinzani waliinuka. Juliana akaiacha nyumba yake, akaishi ugenini miaka 10. Alikufa mwaka 1258, akiitazama Sakramenti Kuu iliyowekwa mbele yake.

Mwaka 1264 Papa Urbano IV, ambaye zamani alimfahamu Juliana huko Liège, akaiamuru sikukuu hiyo kwa Kanisa zima. Juliana hakuiona siku ile.

Basi, asiseme mtu kwamba saa ya kuabudu ni saa ya bure. Wahenga husema: mvumilivu hula mbivu. Juliana alivumilia, mbivu twazila sisi.